Rweya Yangu Haikulala Bure

Kanazi, Jumamosi jioni

Mwombeki mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kutoka hapa jikoni. Uko uwanjani na binamu zako, mmeshiba mbuzi, na baba yako mdogo Ta Rwechungura anawasimulia tena jinsi alivyokwenda Kampala kwa baiskeli. Endeleeni kucheka. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na nina hasira. Nakuambia mapema usije ukasoma mpaka katikati ndipo ushtuke.

Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya marafiki wa kuazima nguo, dada yako amekuhubiria tangu asubuhi. Sirudii. Umesoma, umemaliza, umepata kazi ya uhasibu huko Dodoma, na mimi nimesimama kanisani mbele ya watu nikamshukuru Mungu mpaka sauti ikanikauka. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Na hasira hii ni ya kweli, zote mbili ni zako, uondoke nazo.

Ninataka kusema habari ya Jumapili iliyopita.

Baada ya ibada wazee wa ukoo walikuja kukaa kibanjani kwetu, kwenye migomba, pale baba yako alipokuwa akipenda kupumzika. Walikuja kukuaga. Mimi nilikuwa napita na vyungu na sahani, natoka, naingia, kama mwanamke yeyote wa nyumba yenye wageni. Wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Rubisi ilipokolea, Ta Rwechungura akafungua mazungumzo kwamba ile rweya ya juu, ile nyasi ya kilimani tunayolima sisi wanawake, ipandwe mikaratusi, maana miche ameshaipata, na mwenye mamlaka ya nyumba hii tangu kaka yake afariki ni wewe. Wote wakakugeukia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba na bakuli la maharage, moto unaniunguza vidole.

Ukasema, "Sawa tu, baba. Rweya imelala bure. Mama akitaka ulezi tutamnunulia."

Wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kweli huyu ni nshomile, kasoma. Nikaweka bakuli mezani, nikawakaribisha kula, nikarudi jikoni. Tangu siku hiyo nimekupikia, nimekufulia, nimekunyooshea mashati, na wewe hukuona kitu. Ulidhani nimechoka kwa sababu ya safari yako.

Basi leo nakuandikia kuhusu rweya kana kwamba hukuzaliwa hapa, kwa sababu Jumapili ulizungumza kama mtu ambaye hakuzaliwa hapa.

Kibanja ni cha wanaume. Migomba, kahawa, makaburi ya wazee, vyote viko humo, na kila mwanamume wa Kanazi anakijua kibanja chake mpaka kwenye mzizi wa mwisho. Rweya ni ile nyasi ya kilimani, nje ya migomba, ambayo mwanamume akiitazama anaona malisho na majani ya kutandika. Hapo ndipo mama zetu walipopewa ruhusa ya kuhangaika. Ulezi ulikuwa huko, na mtama, na njugu mawe. Hakuna mwanamume aliyewasaidia. Hakuna pia aliyewafukuza, kwa sababu ardhi yenyewe ni mbovu na hakuna aliyeitaka.

Ardhi mbovu ina masharti yake, Mwombeki. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unageuza mabonge, unayaacha jua liyapige wiki kadhaa, unayakusanya vichuguu vichuguu, unayachoma taratibu, unatandaza majivu, unasubiri mvua ya kwanza, unamwaga mbegu. Ukishavuna mara moja au mbili unaiacha. Unahamia kando yake. Ile uliyoiacha inaota nyasi tena, inakaa miaka, inapumzika. Ukiirudia kabla haijapumzika itakupa majani na mabua, na utakula mabua.

Sasa wewe ulipofika tu kutoka mjini ulipanda kilimani siku moja na simu yako, ukapiga picha za ziwa, ukaona nyasi tupu pale nilipovuna zamani, ukahitimisha kwamba imelala bure. Imelala, ndiyo. Nimeilaza mimi! Wewe ukimkuta mtu amelala baada ya kazi, unamzika?

Nisikilize. Wewe hukuwa wa kwanza, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kuliko kosa lako. Zamani tulikuwa na rweya nyingine, ya upande wa chemchemi. Baba yako, Mungu amweke pema, alikubaliana na ndugu zake wapande mikaratusi huko, kwa maneno hayo hayo, imelala, haina mtu. Bibi yako, mama yake, alikuwa hai. Aliniambia nenda kaseme na mume wako. Mimi nilikuwa bado mwali wa nyumba hii, natoka Kimwani, nilishachekwa vya kutosha. Nikasema nitasema kesho. Nikasema akitoka kazini. Nikasema akishakula. Sikusema. Miche ikapandwa, ikawa miti, na chini ya ile miti leo hata kunguru hapati mdudu. Chemchemi yenyewe unaiona, tunachota kwa kikombe. Niliogopa kuitwa mwanamke wa mdomo, na sasa nina mdomo lakini rweya ile sina. Usinifuate katika hilo. Ukiwa na neno huko kazini, liseme siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka.

Kuhusu kuchekwa nitakuambia, maana sijawahi kukuambia.

Nilipoolewa nilikuja na mzigo wangu wa ulezi kutoka kwetu. Kimwani hatuna migomba ya kujivunia kama ya huku, tulikula ugali wa ulezi na wa mtama, na hakuna aliyetuona maskini. Hapa Kanazi nikakuta watu ambao wakila sinia la ugali na samaki mpaka wakatokwa jasho, bado wanauliza chakula kitaiva saa ngapi. Kwao chakula ni ndizi. Kingine chote ni cha kushikizia tumbo. Siku ya kwanza nilipika ugali wangu mweusi, mzuri, laini, na shangazi zako wakaubonyeza kwa kidole wakaulizana kama ni wa kukandikia kuta au wa kula. Nililia nyuma ya nyumba. Bibi yako alinikuta huko, akakaa chini, akala ule ugali wote peke yake, polepole, akalamba mkono. Kisha akasema, "Wacha wacheke. Ndizi ni mfalme, lakini mfalme akiugua, nani anapika?" Tangu siku ile tulilima pamoja mpaka mgongo wake ulipokataa.

Na mfalme akaugua. Wewe ulikuwa darasa la tatu au la nne, unakumbuka, usijifanye. Mnyauko ulipoingia, migomba ilianza kuwa ya njano katikati ya msimu, unakata mkungu unakuta ndani umeoza, unatoa usaha wa njano. Bwana shamba akaja akasema kateni, fukieni, osheni mapanga kwa moto. Baba yako alikata migomba aliyoachiwa na babu yake. Nilimwona analia akiwa na panga mkononi. Kibanja kikawa uwazi, unasimama mlangoni unaiona nyumba ya jirani ambayo hukuwahi kuiona. Wanaume wa Kanazi walitembea kama waliofiwa. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu hakuna aliyefundishwa chakula kingine.

Mlikula nini, Mwombeki? Sema.

Mlikula ulezi. Bibi yako alikuwa na vihenge viwili ndani, kimoja cha mavuno ya mwaka na kimoja cha zamani sana, cha kabla hujazaliwa. Mahindi ukiyaweka bila dawa, dumuzi wanayafanya unga kabla hujageuka. Maharage ni hivyo hivyo. Ulezi ni punje ndogo, mdudu haoni pa kuingilia. Ukiukausha vizuri ukauweka na suke lake unakaa miaka, unakusubiri. Watu husema akiba haiozi, na mimi akiba niliyoishika kwa mikono yangu ikakataa kuoza ni hiyo. Alipofungua kile kihenge cha zamani ulitoka mwekundu vilevile. Asubuhi uji, jioni ugali, na wewe uliyekuwa ukinuna ukiona uji mweusi ulijifunza kukwangua sufuria.

Na sikiliza hili, maana nimelinyamazia muda wote huu. Ta Rwechungura alikuja. Hakupita mbele. Alipitia nyuma, kwenye mlango wa jikoni, asubuhi kabla watu hawajatoka, na beseni chini ya koti. Hakutaka mwanamume mwenzake amwone anaomba ulezi kwa wanawake. Nilimjazia. Akaja tena, nikamjazia. Watoto wake, hao hao mnaocheka nao sasa hivi, walikua kwa lile beseni. Leo anasimama mbele ya wazee anasema rweya haina faida. Nilitaka kumuuliza Jumapili koti lake liko wapi.

Bado sijamaliza naye. Tangu daktari amwambie ana kisukari, ni nani unafikiri anampa unga? Walimwambia apunguze ugali mweupe na wali, ale nafaka ambayo haikukobolewa, na ale kwa kiasi. Mke wake anakuja hapa kila wiki na mfuko. Haukumponya, na mtu asije akasema nauza dawa, vidonge vyake bado anameza. Ila anasema akila ugali wa ulezi mchana hashikwi na njaa ya kutetemeka, na anafika jioni akiwa na nguvu. Kwa hiyo Jumapili yule mtu aliinuka kuizika rweya akiwa na ulezi wa rweya tumboni mwake. Na rubisi waliyokuwa wanainywa mpaka wakapata ujasiri wa kugawa shamba langu, ilichachuka kwa kitu gani? Kwa mtama. Nani aliulima, akaukaanga, akausaga? Ukimwambia mwanamume wa Kanazi habari za nafaka za kienyeji anacheka. Mwambie msimu huu hakuna mtama wa kuchachushia uone kama atacheka.

Wewe mwenyewe nikuambie ulivyopona, kwa sababu umesema mtaninunulia.

Ulipozaliwa nilipoteza damu nyingi. Nilikuwa sioni vizuri, nikisimama nyumba inazunguka. Zahanati walinipa vidonge vyao na nikameza, nawashukuru. Lakini aliyenisimamisha ni bibi yako na uji wa ulezi, asubuhi, mchana, jioni, mzito, ameuchachusha kidogo, ananishikia kichwa ninywe. Maziwa yakaja. Ukanyonya. Kisha ulipofika miezi ya kula, mimi nikapatwa na ujinga wa kutaka kuonekana. Wifi yangu wa Kibeta, anayekaa mjini, alikuwa akiwalisha wanawe uji mweupe wa sembe na sukari, unang'aa kama theluji ya kwenye kalenda. Nikasema na mimi mwanangu hatakula vya porini. Nikakulisha huo. Ukashiba vizuri, ukawa mnene wa maji, nywele zikawa nyekundu, ukawa unalia tu. Kliniki nesi aliitazama kadi, akanitazama, akaniuliza nyumbani kwenu hamna ulezi, hamna karanga, hamna dagaa? Nilikuwa navyo vyote. Vilikuwa ndani, nimevionea aibu. Nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani bila kumtazama mtu.

Kwa hiyo mimi sipigi kelele kwa ajili ya mila. Waitu, nisikie vizuri. Ziko mila nyingi za huku ambazo zikifa kesho nitaimba. Mila ya mwanamke kusimama nyuma ya mgomba na bakuli la moto wakati shamba lake linagawanywa, hiyo ife leo. Ulezi ninaupigania kwa sababu ulifanya kazi. Ulikulisha wewe, ulimlisha baba yako akiwa amekata migomba ya babu yake, unamlisha mjinga anayetaka kuupandia miti. Hautaki mbolea ya dukani. Mvua ikichelewa unainama unasubiri, mahindi yameshakauka. Na mbegu ni yangu. Ninachagua suke linalokunja ngumi vizuri, nalitundika juu ya moshi, msimu ukija ninapanda. Siendi dukani kununua mbegu iliyotiwa rangi, nikaambiwa mwaka kesho rudi ununue nyingine. Hakuna mtu duniani ninayempigia magoti kwa mbegu.

"Tutamnunulia." Mtanunua kwa nani? Ukienda pale sokoni ulezi unaouzwa umechanganywa na mchanga, ukitafuna jino linalia. Na akina mama wanaouleta wanapungua kila msimu, kwa sababu na wao wana wana wao nshomile waliosema rweya imelala. Ninyi nyote mkishapanda mikaratusi, huo ulezi wa kuninunulia atauotesha nani? Au mtanituliza kwa ile mifuko ya unga wa lishe yenye picha ya mtoto anayecheka? Uliniletea mmoja mwaka jana. Nilisoma pembeni: ulezi, mtama, soya, karanga. Nikacheka mpaka Ma Kemilembe jirani akaja kuuliza kuna nini. Mwanangu ametoka Kanazi kwenye ulezi, amekwenda mjini kununua ulezi, ameurudisha Kanazi kama zawadi. Nilikupikia uji ule ukausifu, ukasema mama, huu ni wa afya.

Huko Dodoma unakokwenda ni nchi ya mtama na uwele. Nasikia wanajua kuvumilia jua. Utakuta watu wa ofisini wanaona haya kuupeleka mezani, wanaagiza chipsi. Usiwe kama wao. Tafuta mama anayesaga vizuri, mzoee, mheshimu, umwamkie, ule chakula chake. Ukioa, mke wako akijifungua, usiniletee mjukuu mwenye nywele nyekundu. Hilo litaniua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nasikia mnaanza kuimba na karatasi inaisha.

Umekaa nyumbani mwezi mzima. Kila asubuhi uliniona natoka na jembe nikirudi mchana na majani kichwani. Mwezi mzima, Mwombeki, hukuniuliza hata mara moja mama unakwenda wapi. Ulidhani nakata majani ya kutandikia sebule kwa ajili ya sherehe yako. Nilikuwa nakata mabonge. Ile nyasi uliyoiona tupu ilishapumzika vya kutosha, zamu yake ilikuwa imefika, nami nilianza kuigeuza kabla hata Ta Rwechungura hajapata miche yake. Siku ile mliposema imelala bure, zaidi ya nusu ilikuwa imeshageuzwa na inakauka, upande wa pili wa kilima ambao hakuna mwanamume mwenye haja ya kuutazama. Mmegawa shamba ambalo lilikuwa limeshaamka.

Jumatatu mliuona moshi. Ta Rwechungura aliuliza ni nani anachoma rweya, na wewe ukasema labda ni watoto. Alhamisi mvua ikanyesha. Na leo, mlipokuwa mnamchuna mbuzi, nilimwachia dada yako vyungu, nikawachukua Ma Kemilembe na wanawake wengine wa jumuiya yetu, tukapanda kilimani na mbegu. Hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila mmoja ana rweya yake iliyokwisha kuitwa tupu na mwanamume fulani. Mimi nilitangulia namwaga, wao nyuma wanafukia kwa matawi. Tulimaliza yote niliyokuwa nimeigeuza, mpaka kwenye mpaka wa juu. Niliporudi mlikuwa mmeshaanza kula na uliniuliza mbele ya wageni nilikuwa wapi siku ya kuagwa kwako. Nilisema nilikuwa naoga. Nilidanganya kwa sababu wageni walikuwa wengi na nilitaka ule kwanza. Nilikuwa nimepanda.

Wajua, na Ta Rwechungura ajua: hapa kwetu, mbegu ya mwanamke ikishaota, hakuna anayeigusa mpaka ivunwe. Hata wazee walevi wanaogopa kung'oa chakula. Lakini ajua pia kwamba kukubali kwako hakufutiki kwa mimi kupanda tu. Atasubiri nivune, kisha ataleta miche, na atasema Mwombeki alikubali mbele ya ukoo. Na watasema kweli alikubali. Mimi nikipiga kelele, wataniambia kaa chini mama, mwenye nyumba alishasema. Mwenye nyumba ni wewe. Sikutunga mimi hiyo sheria, ila ndiyo iliyopo, na wewe uliitumia dhidi yangu ukiwa na glasi mkononi.

Kwa hiyo maneno uliyoyasema mbele ya watu, uyarudishe mbele ya watu. Kesho Ta Rwechungura atakubebea begi mpaka barabarani, na wazee wawili watatu watakuja kukuaga, wanapenda sana kuaga. Kabla hujapanda gari, mwambie. Mwambie rweya ya mama yako haipandwi miti, si msimu huu wala ujao, iwe imelimwa au imelala. Hilo la mwisho ulitamke wazi, iwe imelala, maana hapo ndipo watakaporudi kunishika. Sema kwa sauti, na wale wazee wasikie. Atakasirika. Atakuambia umetawaliwa na mwanamke. Mkumbushe beseni. La, usimkumbushe, mwache na aibu yake, ana umri wa baba yako.

Usije ukaniandikia ujumbe wa simu huko njiani kwamba mama nimekuelewa, mama nisamehe. Sihitaji kuelewa kwako kwenye simu. Nahitaji maneno machache kutoka kinywani mwako, pale barabarani, akiwa amesimama mbele yako.

Na kama utashindwa, mwanangu, basi panda gari uende salama. Nitakuombea kama kawaida, wala sitamwambia mtu. Lakini usinitumie hela ya ulezi. Usithubutu. Nitairudisha.

Mimi kesho sitakuwepo kituoni. Watu watakuuliza mama yuko wapi siku ya safari yako, na safari hii waambie ukweli: yuko rweya, mbegu ni mbichi, anafukuza ndege.

Ni mimi mama yako.